Ng'ombe Bado Wako Zizini

Hombolo, Alhamisi, jua likiteremka

Mwanangu Salome,

Naomba radhi kwa kimya changu. Tangu jioni ile ng'ombe wa Karmelo walipoingizwa zizini, sijakaa nawe tukazungumza. Kila asubuhi umenipa shikamoo, nami nimeitikia marahaba na kutoka nje kama mtu anayewahi basi. Mama yako ananiambia umelia, ukidhani nimekasirika kwa sababu umeolewa na mzungu. Sikukasirika. Ningekasirika ningesema, unanijua. Nimenyamaza kwa sababu sijui la kufanya, na mtu aliyefundisha darasani miaka mingi hazoei kusimama mbele ya watu akasema kwamba hajui.

Kwa hiyo nimechukua karatasi. Nimekaa juu ya kigoda karibu na lango la zizi. Wewe na mama yako mko ndani mnafunga mizigo, na sauti zenu nazisikia. Kesho utapanda basi la Dar es Salaam, kisha ndege ya kwenda Italia, kisha, kwa maelezo ya mumeo, gari moshi na kivuko hadi kisiwani kwao Sisilia. Barua hii nitaitia katika mfuko wa nje wa sanduku lako, uisome ukiwa umekwisha kutulia mahali.

Sitakuandikia habari za masweta, wala dawa za malaria, wala mahali pa kuficha pasipoti. Mama yako ameyarudia hayo hata kuku wa hapa nyumbani wanayajua. Jambo langu ni moja: niwagawe ng'ombe wako, au nisiwagawe?

Desturi unaijua, lakini ulikulia bweni, kisha ukaenda kufanya kazi ya ukarani katika kambi ya mafundi kule Mtera, na vijana husikia desturi vipande vipande. Acha niiseme yote. Kwetu, ng'ombe wa mahari hawakai kwa baba wakazeeka. Wakishapokelewa hugawanywa. Mjomba huchukua wake, baba wadogo huchukua wao, shangazi hasahauliki. Kila mmoja humswaga ng'ombe wake hadi kwake, na huko wanachanganyika na wengine, wanazaa, wanaliwa, wanatolewa tena kuwa mahari ya vijana wengine. Tangu hapo ndoa ina mashahidi katika kila zizi la ukoo. Na tangu hapo, binti akitaka kuacha ndoa na kurudi kwao, ng'ombe hutakiwa warudi walikotoka. Nani atawakusanya?

Sasa wako wamesimama hapa mbele yangu, hakuna aliyeondoka. Watu wanapita njiani, wanatazama zizi, kisha wananitazama mimi.

Nitakukumbusha ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa umefichwa ndani na wanawake, na nadhani mengi uliyasikia kwa kicheko cha wengine. Mara ya kwanza Karmelo alikuja peke yake, akanishika mkono, akasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anataka kukuoa. Mjomba wako Ndahani nusura amwage chai. Bwana harusi anayejisemea! Tukamwambia aende akarudi na wazee wake na ng'ombe. Maskini, wazee wake wako Sisilia, na mama yake hajapata kupanda ndege. Tulidhani tumemaliza maneno. Kumbe hatukumjua dereva wa kambi yao, Bwana Athumani wa Kondoa. Wiki mbili baadaye vumbi lilitimka njiani, na mbele ya ng'ombe alikuwa Athumani amevaa kanzu na kofia, fimbo mkononi, na nyuma yake Karmelo, yule fundi wa mitambo, amenyamaza kimya kama alivyoagizwa.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu," akasema mjomba wako. "Wewe ni nani wa huyu kijana?"

"Mimi ni baba yake mzazi."

"Baba yake! Mbona rangi hazifanani?"

"Alimfuata mama yake," akasema Athumani, wala hakucheka. "Hata mimi alipozaliwa nilishtuka."

Watu walicheka hadi bibi wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Mimi pia nilicheka, nakiri. Na baada ya kicheko, Mrangi yule alikaa chini akasema maneno yote ya posa kwa utaratibu, akatukanwa matusi ya utani akayameza, akabishaniwa akajibu kwa adabu. Alimsimamia mgeni yule vizuri kuliko wazee wengi wanavyowasimamia watoto wao wa kuwazaa. Ng'ombe wakapokelewa. Ndipo mjomba wako akainuka na fimbo yake, akasema, "Haya shemeji, wagawe."

Nilifungua kinywa, nikasema, "Kesho."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Halijapata kusemwa katika ukoo huu. Na kesho yake nikasema kesho.

Baadaye, nilipokuwa peke yangu, nilijua. Nilikuwa nimemwona mawazoni dada yangu Matika.

Wewe unamjua shangazi yako wa Haneti kwa utani wake na kwa kuku anaowaleta kila anapokuja. Mimi namjua pia kwa siku moja. Yeye aliolewa kabla mimi sijaoa, na wale ng'ombe wake waliobaki kwa baba yetu baada ya mgawo ndio waliotolewa kumwoa mama yako. Hili si siri. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi. Mama yako nami tulikuwa wapya, udongo wa ukuta wa kibanda chetu haujakauka, Dada Matika alipotokea na mtoto mgongoni na jeraha juu ya jicho. Baba alimpa maji. Akamwuliza habari za safari, akamwuliza habari za mbuzi. Habari za jicho hakuuliza. Sote tulielewa kwamba kumpokea abaki ni kurudisha ng'ombe Haneti, na ng'ombe walikuwa kwa wazazi wa mama yako.

Mama yako ndiye aliyempikia ugali. Walikaa jikoni wawili, mmoja ametolewa na mwingine ameletwa kwa ng'ombe wale wale, na mpaka leo sijui walizungumza nini. Asubuhi Dada alimfunga mtoto mgongoni akaanza safari. Nilimsindikiza hadi korongoni. Tulizungumza habari za mvua.

Basi ng'ombe wako walipoingia zizini, niliwaza hivi: maadamu wamesimama hapa wote, Salome ana mlango. Mtu yule akiinua mkono, huko nisikoweza kufika, nitamwita Athumani nimwambie, "Wachukue ng'ombe wa mwanao, uniletee mwanangu." Najua mawazo haya hayana akili. Huko Sisilia hakuna askari wala padri atakayeuliza habari za ng'ombe wa Hombolo. Umetia saini bomani, una cheti chenye mhuri, na ukitaka kurudi utahitaji tiketi, hutahitaji fahali. Najua. Lakini kila ninapolishika lango hili ili nilifungue, mkono unakuwa mzito.

Mama yako yuko upande huo huo. "Baba Salome," ananiambia, "ukiwagawa, mwanangu akirudi utawakusanya wapi? Mmoja Mpwapwa, mmoja Haneti, na wa kaka yangu atakuwa ameliwa kabla ya Krismasi." Hilo la mwisho ni kweli. Mjomba wako amekwisha kumchagua wa kwake, yule mwekundu mwenye baka jeupe pajani. Anakuja kila asubuhi kumsalimia. Juzi aliniambia, "Shemeji, ng'ombe wangu amenikumbuka, umeona alivyonitazama?" Nikamwambia ng'ombe huwatazama watu wote hivyo. Akasema, "Hapana, wewe hakutazami hivyo."

Nilidhani shangazi yako akija atakuwa upande wetu, tena mbele yetu. Alifika Jumatatu kwa basi la asubuhi, wewe ukiwa mjini kwa ajili ya chanjo. Hakuingia hata ndani. Alisimama hapa hapa langoni.

"Mbona zizi limejaa, mwalimu? Unafungua mnada?"

"Dada, nimewaacha kwa ajili ya Salome. Wewe kuliko wote unajua kwa nini."

"Najua nini mimi?"

"Siku ile uliyorudi nyumbani."

Akaweka kuku wake chini. "Mlinirudisha, ndiyo. Nilikwenda njia nzima nikiwatukana, wewe na baba na yule mke wako mpya. Nilipofika nilimwambia mume wangu, sikiliza bwana, mimi sina kwetu tena, kwetu ni hapa. Ukinipiga tena atakayetafuta pa kwenda ni wewe. Akaniona nimebadilika. Akaogopa."

"Kwa hiyo tulifanya vizuri?"

"Nani amesema mlifanya vizuri? Mlifanya vibaya sana." Akacheka, na wakati huo huo alikuwa akipitisha kidole juu ya lile kovu. "Nasema wagawe ng'ombe. Mke ambaye ng'ombe wake wote wamesimama kwa baba yake, huyo yuko safarini. Hatapanda hata mboga. Na yule mwanaume unamwambia nini? Unamwambia tunakungoja ukosee."

"Na akikosea?"

"Ndipo mtakapojua kama ninyi ni ndugu. Si kwa ng'ombe."

Akachukua kuku wake akaingia kwa mama yako. Nilibaki hapa nisielewe kama nimesikia ushujaa au huzuni iliyozoea kucheka. Aliyeumizwa na mgawo ndiye anayetaka mgawo. Mama yako, ambaye mgawo ule ulimleta kwangu, ndiye anayeukataa. Nimefikiri tangu Jumatatu, na bado sijui nani kati yao amesahau jambo na nani amelikumbuka.

Ubaya ni kwamba shangazi yako alinikumbusha mambo yangu mwenyewe. Nilipomaliza chuo nilipelekwa kufundisha Bukoba. Ilikuwa nchi yangu hii hii, lakini kwangu ilikuwa ng'ambo. Ndizi asubuhi, ndizi jioni, mvua isiyojua msimu, na watu wanaozungumza wakinitazama. Nilikuwa na sanduku la bati. Mwaka mzima nililala chumba kile na sanduku sikulifungua ila kutoa shati na kurudisha shati. Ukutani sikupigilia hata msumari. Nilijiambia kwamba uhamisho utakuja wakati wowote. Unga wa uwele niliotumiwa kutoka nyumbani niliusonga mlango ukiwa umefungwa, nikala peke yangu, nikiona fahari.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane, Ma Paskazia. Kila Jumamosi alifagia mbele ya mlango wangu, kila Jumamosi aliniuliza, "Mwalimu, unaondoka lini?" Nilidhani ananifukuza. Nilimjibu kwa ukali, tena nikamsahihishia Kiswahili chake. Siku uhamisho ulipokuja kweli, nilibeba sanduku langu nikakiacha chumba kama nilivyokikuta. Alikuja kutazama, akasema, "Hapa hajakaa mtu." Hakuwa na hasira. Alikuwa na mkungu wa ndizi alioniandalia tangu asubuhi, nao ukawa mzito mno kuubeba pamoja na sanduku.

Mambo hayo sikukusimulia, kwa sababu ulipokuwa mdogo nilipenda kukuambia kwamba Bukoba nilifundisha watoto walioshinda mtihani. Walishinda, ni kweli.

Kwa hiyo unaona nilivyokwama. Nikikumbuka korongo lile, nataka ng'ombe wabaki. Nikikumbuka chumba kile, nataka waondoke leo. Na ninajiuliza kama zizi hili halijawa sanduku langu la bati, nikikubebesha wewe.

Kuna jambo jingine lililonichanganya, ingawa mama yako analiona la kawaida. Karmelo alituambia siku moja kwenye chakula kwamba kwao ni msichana anayekuja na mali. Mama humwandalia binti mashuka, taulo na vitambaa vya meza tangu akiwa mdogo, na siku ya harusi majirani hualikwa kuvitazama. Alisema akicheka, kama mtu anayesimulia mambo ya bibi yake. Mama yako hakucheka. Kesho yake alikwenda mjini kununua vitambaa na nyuzi, na tangu hapo hakuna aliyeishika ile sindano ila yeye. Vile vitambaa vyeupe vyenye maua mekundu vilivyo juu kabisa katika sanduku lako ndivyo hivyo. Hataki mtu aseme umekwenda mikono mitupu. Sasa mimi nauliza: kwao mali inatoka kwetu, kwetu mali inatoka kwao, na nyote wawili mmekwisha kutoa. Ni nani anayemwoa nani? Nilimwuliza padri wetu, akasema, "Mwalimu, washukuru tu."

Na jana mumeo, kabla ya kutangulia Dar es Salaam, alikuja kuaga. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba. Alisimama akawatazama ng'ombe, akahesabu kwa midomo, akanigeukia na kile Kiswahili chake cha karakana.

"Baba, ng'ombe bado wote hapa. Ng'ombe si wazuri?"

"Ni wazuri."

"Basi mimi si mzuri?"

Nilimwambia chai inapoa. Hilo ndilo jibu nililompa kijana wa watu, aliyenunua wanyama asiojua thamani yao na kukaa kimya mbele ya wazee wasiojua lugha yake. Alikunywa chai. Alipomaliza alikiosha kikombe mwenyewe, na mama yako akamnyang'anya. Nimeitazama sana mikono yake, Salome. Ninaona mikono ya fundi. Siwezi kuona zaidi ya hapo, na yeyote anayekuambia kwamba anaweza, anajidanganya.

Huko utakuwa mgeni kwa hati. Utakwenda kila mara polisi kuomba kibali cha kukaa, utapanga foleni kama tulivyopanga sisi foleni ya sukari kabla maduka hayajajaa vitu. Watu wema watakushauri uchukue uraia wao ili upumzike. Yule afisa wa uhamiaji alitueleza wazi kwamba sheria yetu haimruhusu mtu kushika nchi mbili; ukiichukua ile, hii unaiacha. Nilitaka kukukataza. Nilikuwa nimekwisha kuandika sentensi yenyewe, nikaifuta, kwa maana niliona ni swali lile lile la zizi, na mimi la kwangu limenishinda. Nisingependa nikuamulie la kwako. Nakuomba tu, siku utakapoliamua, usiliamue kwa hofu ya kunikasirisha mimi, wala kwa hofu ya foleni.

Niseme nilichoona leo asubuhi, kisha niache, jua linazama na mama yako anauliza kwa sauti kubwa mzee amekwenda wapi. Yule ng'ombe mwekundu mwenye baka amezaa. Ndama jike. Mjomba wako alifika kumsalimia ng'ombe wake akakuta ni wawili. Alipiga vigelegele mwenyewe, mwanaume mzima. Shangazi yako akamwambia, "Ndama hayumo katika mahari, huyo ni wa Salome." Mjomba akasema ndama hufuata mama yake. Mama yako akasema hakuna wa kwenda popote, mama wala ndama. Wakageuka wote watatu wakanitazama, wakingoja neno la mwalimu. Ndama alikuwa akijaribu kusimama, miguu inakwenda kila upande. Nilimtazama yeye nisiwatazame wao. Nikasema nitafikiri.

Ninafikiri bado. Pengine nitafungua lango wiki ijayo, kila mtu amswage wake, na zizi libaki na samadi tupu. Pengine nitawaacha hadi utakapoandika wewe. Mjomba wako amependekeza nimbakize mmoja, iwe ishara, lakini ng'ombe mmoja harudishi ndoa, wala hamfanyi mtu ajisikie amefika. Sioni njia ya katikati, na nimeitafuta.

Lakini wewe usiningoje. Siku utakayofika kisiwani, hata kama umechoka, hata kama mama mkwe wako hakukutazama vizuri, fungua sanduku. Toa kila kitu. Tandika vile vitambaa vya mama yako juu ya meza ya kwanza utakayoiona. Omba msumari, upigilie ukutani, utundike gauni lako. Na ukiona siku moja kwamba ni lazima ulifunge tena sanduku hilo urudi, lifunge uje. Utanikuta mimi hapa, ng'ombe wawe wamegawanywa au hawajagawanywa. Sitakuuliza habari za mbuzi. Nitakuuliza habari za jicho.

Hilo tu ndilo ninalolijua. Kuhusu ng'ombe, nikishaamua nitakuandikia.

Ni mimi, baba yako.